Mguu wa Kushoto, Kutoka Kamina Hadi Katoto

Mguu wangu wa kushoto ulivunjika kituoni Kamina, kati ya mabehewa mawili. Plasta ilipoondolewa, sefu, mkubwa wetu wa kazi ya reli, akasema: mguu huo unibebe peke yake mbele ya macho yake, ama nirudi kulima. Kulima sikutaka kabisa! Fundi cherehani mmoja wa sokoni, Mhindi, akanionyesha zoezi la kwao. Unasimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili unaubandika pajani, viganja vinakutana kifuani, macho hayabanduki kwenye kitu kimoja. Kambini wakaniita korongo. Nikaona heri niende kwa wakwe zangu Katoto, nikajifunze kwa amani.

Luena, treni ilikaa sana ikipakia makaa. Nilipanda kilima kilichotazama reli, nikasimama, nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka tena, nikautukana mguu kama mtu mzima mwenye masikio. Filimbi ilipolia nilishuka nikichechemea.

Bukama nilishuka kwenye treni, nikaendelea kwa miguu na fimbo, nikafika Katoto jioni.

Alfajiri nilichagua ukingo wa Lualaba, pale njia inapopanda kutoka majini. Mto ulikuwa mpana, mafunjo yamejaa ndege weupe. Nilikaza macho kwenye kichuguu cha ng'ambo. Safari hii mguu ulikubali! Jua lilinipata mgongoni bado nimesimama. Ndipo mdogo wa mke wangu akaja mbio.

"Shemeki! Weye unafanya nini mu njia?"

"Minyi nafanya mazoezi."

"Mazoezi! Mama iko mu majani na mutungi ku kichwa tangu asubui sana. Anaogopa kupita mbele ya mukwe. Bantu bote banangoja maji!"

Kwetu Waluba, mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Mmoja huacha njia. Nami nilikuwa nimeiziba! Haya zilinichoma. Nilijitupa kichakani, nikageuza kisogo. Alipita polepole, akamwambia mwanawe ili nisikie:

"Ambia mukwe, kesho asimame ku fasi ingine. Lakini asiache."

Siku hiyo hiyo nikampelekea kuku wa kuomba radhi kwa mkono wa mwanawe, kama desturi inavyotaka. Na kesho yake nikasimama, mbali na njia.

Niliporudi Kamina, sefu alikunja mikono akinitazama. Niliinua mguu wa kulia. Wa kushoto ukatetemeka, nikaona jembe linakuja. Nikamkumbuka yule mama majanini, mtungi umejaa, hata kukohoa hakukohoa. Mguu ukatulia.

"Basi," sefu akasema. "Rudi ku kazi."

Mhindi alinionyesha namna. Aliyenifundisha kusimama, uso wake sijauona hadi leo.