Mlango wa Saba, Mstari wa Tatu

Nakumbuka jioni moja mimi, mama na wadogo zangu watatu tuliporudi Kolwezi kutoka porini tulikokimbilia, vita vikiwa vimekwisha. Nchi iliitwa Zaïre, nami nilikuwa na miaka kumi na saba. Vumbi la migodi lilikuwa limetua juu ya mikaratusi, na jua lilipozama likalitia wekundu, hata nikaona mji mzima kama kitu ninachokiota. Nilihesabu nyumba za kambi ya Dilala, zote za kampuni ya mgodi na za umbo moja, hadi mstari wa tatu, mlango wa saba. Kwetu, nyumba aliyopewa mama kwa kazi yake katika hospitali ya kampuni. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni.

Mwanangu, ndani tulimkuta mwanamke na watoto watatu. Alikuwa amevaa kitenge cha mama yangu. Aliitwa Mama Kabedi. Mumewe, mchimbaji wa mgodini, aliuawa vitani, na wajane hawakuachiwa nyumba za kampuni. Akaingia yetu kwa kuwa ilikuwa wazi. Nilimwita mwizi mbele ya watoto wake. Mama yangu alisimama mlangoni pake mwenyewe, akapiga hodi, akangoja hadi akakaribishwa, na usiku ule tukalala humo sote.

Asubuhi, bila kumwambia mama, nilikwenda kumwita mkuu wa kambi ili awatoe. Alikuja na daftari la wakazi. Alimkuta Mama Kabedi amekwisha kufunga vitu vyake katika shuka, na kile kitenge amekikunja vizuri juu ya kiti.

Mkuu akamgeukia mama.

“Huyu ni nani kwako?”

“Ni ndugu yangu.”

“Ndugu? Binti yako anasema ni mwizi. Mulianza undugu saa ngapi, mama?”

“Tulibatizwa mu maji moja, baba. Na hii nyumba ni ya kampuni, haiko yangu. Andika batoto bake pamoja na bangu.”

Mkuu alicheka kidogo, akaandika.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Jioni alituita sote kusali. Tulipofika mahali pa kusameheana katika Baba Yetu, niliacha kusali. Wengine waliendelea hadi amina; mimi nilibaki pale pale. Kisha nikapiga magoti mbele ya Mama Kabedi, nikamwomba radhi.

“Kuja tukule, mutoto,” akasema. “Bukari inapoa.”

Tulikula ugali ule watu tisa katika sahani mbili. Tangu tukimbie, ile ndiyo mara ya kwanza nilipohisi nimefika.

Mwanangu, nimeishi katika nyumba nyingi baada ya ile, na nyingine sikumbuki hata rangi ya kuta zake. Ukimkuta mtu amekaa mahali pako, muulize kwanza ni nini kilichomfikisha hapo. Ukimkosea, usiache jua la pili lichomoze kabla hujamwomba radhi. Kristo anaingia mahali watu wanaposameheana, na hapo ndipo kwenu, hata kama ukuta ni wa mwingine. Sasa unapoondoka, Mungu akulinde njiani, na kila utakapopiga hodi, akujalie mtu wa kukuitikia.