Tulivyokwenda Muleba Kujifunza Kuishi na Walimu

Safari hii niliianza kwa aibu. Mwezi Februari mwalimu wa hisabati wa shule ya kijiji chetu, huku upande wa Maruku, Bukoba Vijijini, alituaga akahamia mjini, naye alikuwa wa tatu kuondoka katika muda wa miaka miwili. Mimi, Ta Deo kama wanavyoniita kwa heshima ya Kihaya, ni mkulima wa kahawa na migomba, baba wa watoto wanne, na huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa mwenyekiti wa kamati ya shule hiyo. Binti yangu Neema alikuwa ndiyo kwanza ameingia darasa la saba. Jioni ile aliweka daftari mbele yangu akasema, "Baba, nani atanisahihishia sasa?" Nililifungua, nikalitazama, nikalifunga. Hesabu zenyewe sikuzielewa.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Justina, ndiye aliyetoa wazo. "Kuna kata moja ndogo Muleba, inaitwa Ihangabiro," aliniambia. "Afisa elimu wa kata hiyo, Adelina, nilisoma naye chuo cha ualimu. Walimu wakifika kwake hawaondoki. Twende tukaone wanafanya nini." Kamati ikakubali twende sisi wawili, na mke wangu Leokadia akanifungia ndizi mbivu na chupa ya chai.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa Bukoba mjini. Hatukutaka kufika ugenini mikono mitupu, kwa hiyo tuliingia katika duka la mzee mmoja wa Kihindi, wa mojawapo ya familia chache za kwao zilizobaki pale mjini, tukaomba katoni moja ya chaki. Mzee akauliza tunakwenda wapi, Justina akamweleza.

"Mnakwenda kujifunza kwa wenzenu?" alisema kwa Kihaya kilichonyooka kuliko changu. "Wengi ninaowasikia huwa wanakwenda kulalamika tu." Akaweka katoni ya pili juu ya ile ya kwanza, na hiyo akakataa kulipwa.

Saa nne tulikuwa tumeshapita Kemondo. Njiani Justina alinieleza jambo ambalo, nakiri, sikuwahi kulielewa kwa miaka yote sita ya uenyekiti. "Walimu wanagawiwa kwa kuangalia idadi ya watoto," alisema. "Shule yenye watoto wachache kwenye karatasi inaonekana ina walimu wa kutosha. Lakini madarasa ni saba palepale, Ta Deo, yawe yamejaa au yawe nusu. Na ruzuku nayo inakuja kwa kichwa cha mwanafunzi. Watoto wakipungua, fedha inapungua, ila paa linavuja vilevile."

Muhutwe tuliacha lami tukapanda bodaboda mbili kuelekea Kamachumu. Barabara inapanda kwa kona, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa ya baridi. Vibanja, mashamba yetu ya nyumbani, vimebanana pande zote mbili, migomba imesimama juu ya mibuni, nyumba zimejificha ndani. Tuliipita Kamachumu tukaendelea mbele, hadi mahali ambapo kilima kinakatika ghafla na ziwa linaonekana chini, mbali kabisa.

Saa saba mchana Mwalimu Adelina alitupokea mlangoni mwa ofisi yake. Ni mama mfupi, alikuwa amevaa buti za mvua na gauni la kitenge. "Karibuni waitu," alisema kwa neno letu la heshima, akatuletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi yetu, nasi tukamkabidhi zile katoni mbili za chaki. Ukutani alikuwa amebandika karatasi kubwa za manila zilizochorwa kwa mkono. Kata yake ina shule tatu za msingi. Mbili ziko juu kilimani na moja iko chini mwaloni, pale mitumbwi inapopakua dagaa.

"Huku juu vijana wameondoka," alitueleza akipitisha kidole kwenye mchoro. "Wako Geita, wako Dar es Salaam. Watoto mnaowaona wengi wanalelewa na bibi zao, na kila mwaka darasa la kwanza linapungua. Kule chini ni kinyume. Wanaingia kutoka Ukerewe, kutoka Sengerema, wanajaa. Samaki wakihama na wao wanahama, halafu wanarudi. Kwa hiyo kila Jumatatu nahesabu upya. Wilayani nikienda kuomba mwalimu, siombi kwa maneno. Nabeba hizi karatasi."

Jumanne asubuhi tulishuka kwa miguu hadi shule ya mwaloni. Mwalimu mmoja alikuwa amesimama kwenye mlango unaounganisha vyumba viwili, bega moja darasa la tatu, bega jingine darasa la nne, anafundisha yote mawili. Watoto walibanana wanne wanne kwenye madawati, wanazungumza Kiswahili cha visiwani, Kihaya hawakijui kabisa. Darasa la saba lilikuwa halijapata kipindi cha hisabati tangu shule ifunguliwe. Nilimkumbuka Neema na daftari lake.

Mchana tulipanda tena, tukaenda kumwona Mwalimu Salma, ambaye sifa zake tulikuwa tumezisikia tangu jana. Alitoka kwao Tanga miaka saba iliyopita, anafundisha hisabati katika mojawapo ya zile shule mbili za juu. Anaishi kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma waliyomjengea wazazi, yenye tangi la maji ya mvua na kibanja kidogo nyuma.

"Mwaka wa kwanza niliandika barua ya kuomba uhamisho," alituambia huku akimenya ndizi haraka kama aliyezaliwa kwetu. "Nikaugua malaria kabla sijaituma. Akina mama wa hapa walipokezana kunipikia wiki nzima. Nilipopona niliiona ile barua mezani nikaona haya. Nikaitumia kuwashia moto wa jikoni."

Jumatano saa nne kulikuwa na mkutano wa wazazi katika shule yake, nasi tukakaribishwa. Adelina hakuzunguka. Aliomba Mwalimu Salma afundishe siku tatu pale juu na siku mbili kule mwaloni, mpaka wilaya itakapoleta mwalimu mwingine.

Aliyesimama kwanza alikuwa Ta Kaijage, mzazi mwenye sauti nzito, ambaye ndiye aliyesimamia ujenzi wa nyumba ya mwalimu. "Afisa, tunakuheshimu," alisema. "Lakini matofali yale tuliyachoma sisi. Mimi mwenyewe nilianguka kwenye paa lile nikavunjika mkono. Leo unatuambia tumgawe kwa watu ambao mwakani hata hatujui watakuwa wapi?"

Watu wakapiga makofi. Ndipo akasimama mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, viatu vyake vimejaa tope la njiani. Alijitambulisha kuwa ni Mama Bahati, anaanika dagaa mwaloni.

"Ni kweli tunahamahama," alisema. "Lakini mtoto wangu yuko darasa la saba mwaka huu, siyo mwakani. Mtihani hautamuuliza babake anavua wapi. Sisi matofali hatuna. Mchanga tunao, na mikono tunayo. Nimeona sakafu za madarasa yenu zimebomoka. Tutapandisha mchanga mpaka mseme basi."

Yeye hakupigiwa makofi. Adelina akanigeukia. "Tuna mgeni hapa, mwenyekiti kutoka Bukoba Vijijini. Mwenzetu unaonaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kutoa shukrani tu na kukaa. Nilipowatazama wale watu, nikaona nitakuwa mnafiki. Nikawaambia ukweli. Nikawaambia kwamba mwalimu wetu wa mwisho alikuwa analala kwenye chumba cha kuhifadhia kahawa cha jirani yangu. Dirisha halikuwa na kioo, na maji alichota bondeni mwenyewe. Niliyajua hayo yote. Nilipita pale kila siku nikienda shambani, na kila siku nilijiambia serikali itajenga. "Ninyi mnagombea mwalimu kwa sababu mnaye," nilisema. "Mnaye kwa sababu mlimthamini. Nimetoka mbali kuja kuona jambo hili, nami nawaonea wivu. Zaidi ya hapo sina la kuwashauri."

Nikakaa chini. Justina alinishika mkono.

Ta Kaijage akasimama tena. "Mwalimu Salma hajaulizwa," alisema. "Mwalimu, wewe unasemaje?"

Salma alikuwa amekaa karibu na ubao. "Mimi ni wenu," alijibu kwa Kihaya, na mkutano mzima ukacheka kwa furaha. Akarudi kwenye Kiswahili: "Lakini mimi pia niliwahi kuwa mgeni hapa. Nitashuka Jumanne na Alhamisi. Watoto wa hapa wanaopungukiwa, waje nyumbani Jumamosi, nitawafundisha."

"Basi atashuka," alisema Ta Kaijage. "Ila hatashuka kwa miguu. Pikipiki yangu itampeleka na kumrudisha, na wa mwaloni wataweka mafuta." Akamgeukia Mama Bahati. "Na mchanga uletwe mzuri, usio na makombe." Mama Bahati akacheka, na safari hii makofi yalipigwa na wote.

Alhamisi asubuhi tulipokuwa tunaondoka, tuliiona pikipiki hiyo ikishuka kona za kilima, Mwalimu Salma nyuma amekumbatia mkoba wa vitabu. Nilijisikia fahari, ingawa siyo kijiji changu. Ni watu wa mkoa wangu.

Jioni tulifika nyumbani, na Jumapili baada ya ibada niliitisha mkutano wa kijiji. Niliyasema mbele ya majirani yaleyale niliyoyasema Muleba, na safari hii yalikuwa mazito zaidi, maana mwenye kile chumba cha kahawa alikuwa amekaa mstari wa kwanza. Kisha Leokadia akasimama. "Mume wangu amesema amekosa," alisema. "Mimi nami nilikuwa napita palepale. Nani hapa hakupita?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Siku hiyohiyo familia moja ya Walutheri ilitoa kiwanja karibu na shule, na jirani yangu wa chumba cha kahawa akajitolea mawe ya msingi.

Tulijenga kuanzia Machi, wiki kwa wiki, mvua ikinyesha. Mwalimu Justina naye alichora karatasi zake za manila, darasa kwa darasa, tukaenda naye wilayani kamati nzima. Afisa aliyetupokea alizitazama kwa muda mrefu akatuuliza nani alitufundisha. Tukasema, Muleba.

Mwezi Julai, shule zilipofunguliwa, tulipokea mwalimu wa hisabati, kijana kutoka Mbeya anayeitwa Mwalimu Anyosisye. Alikuta nyumba imepakwa chokaa, kitanda kipo, kuni zimepangwa. Jioni ya kwanza watu walikuja kumsalimia mmoja mmoja mpaka akaishiwa viti. Aliniita pembeni akaniuliza kwa wasiwasi, "Mwenyekiti, kuna mkutano?"

"Hapana, Mwalimu," nilimjibu. "Ni majirani zako."

Huko Muleba nilijifunza kwamba kuletewa mwalimu ni kazi ya wilaya, na tuna haki ya kuidai tukiwa na hesabu zetu mkononi. Kumfanya mwalimu aamke asubuhi akitamani kubaki ni kazi yetu sisi tunaopita mlangoni kwake. Kazi hiyo sasa tunaifanya, na nalisema hili bila kuona haya.