"Khalas" Yangu Imegeuka Kesi

Admin, nifiche jina na usitaje hoteli, maana Juba ni ndogo. Mimi ni Mkenya wa miaka thelathini na tatu, napokea wageni katika hoteli moja hapa. Mume wangu ni Mganda, anauza spea za pikipiki soko la Malakia. Tunaishi Nyakuron, ndoa yetu ina miaka sita na mtoto mmoja.

Niseme ukweli bila kuzunguka. Miaka hiyo yote sikuwahi kufika kileleni. Mume wangu alikuwa mtu wa haraka, na mimi niliona aibu kumwambia. Nikichoka namwambia "khalas", neno la Kiarabu cha Juba tunalotumia sokoni kusema basi, imetosha. Yeye anatabasamu, analala. Nilidhani tunaelewana.

Miezi miwili iliyopita akabadilika. Akaanza kunipapasa taratibu, anauliza, "Mama Joy, hapa iko muzuri? Ama huku?" Wenzangu, nilikauka! Mtu hajauliza kitu miaka sita, leo anajua mpaka pa kuuliza. Nani amemfundisha? Halafu kila Jumamosi mchana anafunga duka mapema, anaoga, anasema anaenda kumwona rafiki mtaa wa Kator. Nilipekua simu, nikanusa mashati. Sikupata kitu, na hiyo ndiyo ilinitia wasiwasi zaidi.

Jumamosi moja nikamfuata kwa boda. Aliingia ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Nikajibanza dirishani, viatu nimeshavua, tayari kwa vita. Ndani walikuwa wanaume kama kumi na mama mmoja wa makamo, nesi, anawafundisha mambo ya ndoa. Akawauliza wanajuaje kama wake zao wameridhika. Mume wangu akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mimi, bibi yangu nasema khalas. Hapo najua amefika."

Nesi akamtazama. "Mzee, hiyo khalas ni ya kushiba, ama ya kukufukuza mezani?"

Ukumbi mzima ulicheka. Yeye hakucheka. Niliondoka pale nikilia, kwa sababu nilikuwa nimemshuku bure, na pia kwa sababu swali la nesi lilikuwa limegusa ukweli.

Jioni akaniuliza kwa upole, "Mama Joy, ile khalas yako iko ya gani?" Nikababaika, nikajibu mbio, "Ya kushiba!"

Neno hilo lilikuwa limesemwa Kator tu. Akajua nilimfuata, na akajua bado nadanganya.

Sasa ananishuku kwa kila kitu. Nikisifu shati lake anauliza kama ni kweli. Nikichelewa kazini anataka kujua nilikuwa na nani. "Kama hiyo uliweza danganya miaka sita," anasema, "ingine iko ngapi?" Inaniuma sana, maana huyu mwanaume alienda kusomea raha yangu mbele ya watu.

Ila hajaacha mafunzo ya nesi. Na wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilifika. Nilitokwa na machozi ya furaha. Nikamshika uso nikamwambia, "Baba Joy, leo ni kweli."

Akavuta shuka. "Sawa," akasema. "Khalas."

Ndugu zangu, nimwambie nini sasa, na kwa neno gani, ndiyo aniamini?