Mbwa wa Pangoni

Mtoto wetu wa mwisho alipokwenda ng'ambo kusoma, mimi na mume wangu tulijikuta wawili tu katika nyumba kubwa pale Ghubra, huku Uarabuni, na Jumamosi zikawa ndefu. Yeye ni mhandisi wa maji, ofisi yake ipo Al Khuwair. Mimi nasomesha hesabu. Ndipo tukaanza kutembea pwani. Tukishasali alfajiri tunashika barabara ya Qurayyat, tunaupita mji na mitende yake, tunaacha gari lami inapokwisha. Kutoka hapo ni miguu. Tulikuja kuzijua fukwe zote za upande ule: ile ya kokoto nyeupe, ile ya matuta ya mchanga ambayo upepo huyahamisha kila wiki, na ile ya mapango yanayoingilika maji yakipwa tu.

Lazima niseme kwanza kwamba mume wangu ni mpole. Katika miaka yetu yote ya ndoa hajapata kuninyanyulia mkono, wala watoto hawajui kofi lake. Mende akiingia chumbani humfunika kwa gilasi, akamtoa nje. Ndugu zake humcheka kwa hilo.

Siku hiyo ya Februari maji yalikupwa kuliko tulivyozoea. Tulipovuka matuta tuliona mlango wa pango ambao kila tukija huwa chini ya maji. Ulikuwa mwembamba, unapita kwa ubavu, lakini ndani palipanuka na kupanda mpaka kwenye mchanga mkavu. Nilitangulia mimi na tochi ya simu.

"Usende mbali, bibie," alisema nyuma yangu. "Maji yatarudi."

Nikasikia kitu kinalia kidogokidogo, kama paka mchanga. Nikainama kumulika.

Mbwa mwenyewe sikumwona. Nilihisi tu shavu la mguu wangu limeshikwa, kisha linavutwa, nami nikaanguka kifudifudi. Simu ilinitoka. Alikuwa akitikisa kichwa huku meno yamo ndani ya nyama, na nilikuwa nikisikia pumzi yake kwenye goti langu. Nilimpiga teke kwa mguu mwengine. Aliachia, akanirukia tena, safari hii kwenye paja. Nilipiga kelele ambazo sikujua kama ni zangu.

Mume wangu alimpiga kwa jiwe. Pigo la kwanza lilimwangusha. Alijaribu kuinuka, miguu ya nyuma ikakataa. La pili lilimvunja kichwa, niliusikia mfupa. Tochi ilikuwa imeangukia mchangani ikimulika juu, kwa hiyo niliona yote. Mbwa alitulia. Mume wangu akanyanyua jiwe kwa mikono miwili akampiga tena. Na tena. Alikuwa kimya kabisa, hatukani, hahemi. Damu ilimrukia ndevuni.

"Khalas, basi!" nilisema. "Kesha kufa! Bwana, kesha kufa!"

Akampiga tena.

Nikajikokota, nikamshika bega. Aligeuka na jiwe liko juu, na uso ule sikuujua. Haukuwa wa mtu aliyekasirika, maana hasira yake naijua. Ulikuwa mtupu. Nilijifunika kichwa kwa mikono nikangoja. Kisha nikasikia jiwe likianguka pembeni.

"Twende," alisema.

Kwenye mlango wa pango maji yalikuwa yameshafika kiunoni. Wimbi la kwanza lilinichota likanibamiza ukutani, la pili likanivuta nje. Yeye alinishika nguo ya shingoni asiiachie, hata yeye mwenyewe alipopigwa mdomo kwenye jabali na kupoteza jino. Tulitambaa mpaka mchangani kama watu waliotapikwa na bahari. Hapo akafanya ambalo nalikumbuka kwa mwili kuliko meno ya mbwa: aliniosha majeraha mara saba, moja kwa mchanga, kama dini inavyotaka kwa mate ya mbwa, anahesabu kwa sauti, anasugua, nami nalia na kumpiga mgongoni kwa ngumi ili aache. Hakuacha mpaka saba ikatimia.

Hospitali walinidunga sindano za kichaa cha mbwa ndani ya vidonda vyenyewe. Daktari, kijana wa watu mwenye adabu, aliuliza mbwa yuko wapi, maana wangependa kumchunguza.

"Amekufa," nilisema.

"Kafaje?"

"Nimemuua mimi," mume wangu akajibu, akatoka nje.

Jioni ile nyumbani nikamwambia vilivyokuwa vikilia pangoni ni vitoto vya yule mbwa. Nilikuwa nimeviona kabla simu haijaniponyoka.

"Waache."

"Mama yao tumemuua."

"Nimesema waache!" Alipiga meza kwa kiganja, bilauri ya chai ikaruka ikavunjika. Tulikaa tukiitazama chai inavyotambaa kwenye kitambaa. Kisha akainuka, akaokota vigae kimoja kimoja, akajikata kidole, akaendelea kuokota.

Asubuhi nilimkuta kwenye gari, injini inawaka. Hakuniita. Niliingia na mguu wangu uliofungwa, tukaenda.

Tulingoja maji yapwe. Alinikataza kuingia, akaingia peke yake, akarudi na vitoto vitatu ndani ya shati lake. Cha nne kilikuwa kimekufa, alisema. Halafu akarudi tena, akamtoa mama yao kwa kumburura miguu. Kaa walikuwa wameshamla macho. Alichimba kwa mikono nyuma ya tuta la mchanga, akamzika yeye na mtoto wake. Vidole vyake vilitoka damu. Sikumsaidia. Nilikaa na shati mapajani, vile vitoto vikinitafuta maziwa kwenye bandeji.

Tulivipeleka kwa daktari wa mifugo. Msaidizi wake alikuwa mama kutoka Mwanza, akafurahi kutusikia tunasema Kiswahili.

"Jamani, mmewatoa wapi hawa?"

"Pangoni," nilimwambia.

"Na mama yao yuko wapi?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Kimoja kilikufa siku ya tatu. Viwili vilipata watu.

Kwenye gari, siku ileile tulipotoka kwa daktari wa mifugo, nilimuuliza. Nilijua nisipouliza palepale sitauliza tena.

"Ulijua kesha kufa?"

"Nlijua."

"Basi kwa nini?"

Aliendesha mpaka taa za barabarani zikatusimamisha. "Mkono ulitaka," alisema. "Sina neno jengine la kukupa."

"Na mimi? Ungenipiga?"

Nilitaka aseme hapana, hata kwa uongo. Alisema, "Sikukujua kama ni wewe."

Miezi kadhaa baadaye tulialikwa kwa dada yake. Hadithi ilikuwa imeshazunguka ukoo mzima na kunenepa: mbwa amekuwa mbwa mwitu, kaka yao amekuwa simba. Wifi yangu aliisimulia mbele ya wageni, ananyanyua mikono kuonyesha jiwe, watu wanacheka na kumsifu. Mume wangu alikuwa na sahani ya halwa mkononi. Akaiweka chini.

"Alikuwa mzazi," alisema. "Alikuwa na watoto wanne. Na mimi nlimpiga akiwa kesha kufa, nikampiga sana, na mke wangu akinishika. Nusura nimpige na yeye."

Dada yake alisema, "Astaghfirullah, ndugu yangu, maneno gani hayo," akakimbilia jikoni kuleta kahawa. Mjomba mmoja akaanza kuzungumzia joto.

Nilihama kutoka upande wa wanawake, nikavuka sebule mbele ya wote, nikakaa chini karibu naye. Sikumshika. Mguu ulikuwa ukiniwasha kwenye kovu, nikaukunjua mbele yangu, nikaomba nipewe halwa.