Raketi Tatu na Mshipi wa Lamadi

Nilikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, Bariadi. Nyuma ya ghala kulikuwa na kiwanja cha tenisi kilichoachwa na wakubwa wa zamani, saruji imepasuka, wavu tumeuunga kwa kamba za marobota. Raketi tulikuwa nayo moja tu, ya mbao. Mimi na bwana mizani, mzee aliyepima pamba za wakulima, tulipokezana kupiga mpira ukutani.

Biashara ya nje ilipofunguliwa, gulio likajaa mitumba. Siku moja chini ya rundo la viatu nikaona raketi mbili, moja ya alumini, nyingine nyeusi, nyepesi kama ungo. Zote nyuzi zimekatika. Muuzaji hakujua ni vitu gani. Nilizibeba nikicheka peke yangu njiani.

Nyuzi za tenisi Bariadi ungezipata wapi? Nikamkumbuka shemeji yangu, mume wa dada, aliyekuwa akishona nyavu za wavuvi kule Lamadi. Jumamosi nikapanda basi.

"Shemeji, hii unavulia samaki gani?" aliniuliza, akichungulia katikati ya ile nyeusi.

"Navulia mpira."

Dada alicheka mpaka akaitua sufuria chini.

Mara ya kwanza shemeji alitumia uzi wa nyavu. Mpira ulizama humo ukaniangukia miguuni. Nikarudi kwake. Mara ya pili akaweka mshipi mnene wa kuvulia sangara, akaukaza kwa koleo. Nilipopiga, mpira ulivuka ukuta ukatua kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa kwenye foleni ya mizani.

"Mayu!" mkulima aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, ameuinua juu. "Kuku wako ametaga huku!"

Niliporudi Lamadi mara ya tatu, shemeji alikataa kuzigusa. "Siwezi kutengeneza wavu wa samaki nisiyemjua. Nakuja kumwona."

Wiki iliyofuata akaja kweli, na dada, na mshipi mwembamba, koleo na msumari. Alikaa pembeni ya kiwanja. Akikaza, mimi napiga. Akisikia mlio haumridhishi, anasema, "Lete," anakaza tena. Mchana ukapita hivyo. Hatimaye ile ya alumini ikatoa mlio mmoja safi, na mkono wangu haukutetemeka. Nikaruka kama mtoto. Ile nyeusi nayo ikafuata.

Ndipo tukazilinganisha zote tatu. Ya mbao ilikuwa nzito na ilichelewa kufika, lakini ilipougusa mpira, wewe ulijua hasa umeupeleka wapi. Ya alumini ilisukuma kwa nguvu, ila ukikosa katikati kiwiko kinaungua. Ile nyeusi, mkono ulisahau kwamba umeshika kitu.

Bwana mizani alizilaza moja moja kwenye kidole kimoja, akitafuta pale zinapotulia bila kuinama. "Hii uzito wake uko kichwani," alisema. "Hii, uko mkononi." Kisha akachukua ile ya mbao. "Mimi na huyu tumezoeana. Wewe chagua."

Nikachagua alumini. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale, tukasimama watu wawili, kila mmoja upande wake wa wavu. Wakulima wakaacha mikokoteni yao wakaja kutazama. Kila mpira uliporudi walipiga makofi, na ulipopotea waliukimbilia wenyewe. Shemeji alizunguka katikati yao akisema, "Nyuzi zangu hizo! Nyuzi zangu!"

Dada alivumilia, akashindwa. Alijifunga kitenge kikakaza, akavua kandambili, akachukua ile nyeusi, nami nikampisha. Mpira wa kwanza aliukosa kabisa. Wa pili ulimpita bwana mizani ubavuni kabla hajageuka.

"Mwanamke huyu amejifunza wapi?" mzee akauliza.

"Kupiga nzi kwenye dagaa," dada akajibu, na kiwanja kizima kikaangua kicheko.

Basi la mwisho la Lamadi likapiga honi stendi, likaondoka. Shemeji alilisikia, akanitazama, akainua mabega. Dada alikuwa tayari anaomba mpira mwingine.