Ubeti wa Nekoye

Nekoye alikuwa na sauti ya kuamsha mlinzi, na hiyo si kazi ndogo, maana walinzi wa Eneo la Viwanda Thika walilala kama ndiyo kazi waliyoandikwa. Ajabu ni kwamba kazini hakuitumia. Kwenye kiwanda cha nguo alikofanya kazi, mitambo ya kufuma ilipiga kelele hata ukipiga nduru hakuna wa kukusikia, kwa hiyo wanawake wa pale walisemezana kwa midomo tu. Mmoja huku anafungua mdomo, mwenzake kule, mitambo sita katikati, anausoma na kuangua kicheko. Umbea wote wa Thika ulipita hapo bila sauti. Firdaus, jirani yake wa mtambo, ndiye aliyemfundisha, wiki ile Nekoye alipofika na gauni moja na ndala za patapata za miguu isiyojuana.

Alikuwa ametoka Endebess, mashambani kule magharibi ya nchi. Tuseme ukweli: hakutoka, alitolewa. Mwaka wa tisini na mbili watu walikuja na mishale na viberiti, wakachoma nyumba, ghala na mahindi, askari wakitazama kama wako mpirani. Redio ikasema ni mapigano ya kikabila. Mapigano! Yeye alipigana na nani, na mkononi alishika mwiko?

Mwaka uliofuata wanamuziki wa Thika na Ruiru wakaungana kurekodi wimbo wa kuwachangia mablanketi waliofukuzwa. Kiongozi wao, Wanyoike, mpiga gitaa aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alisikia kuna mwanamke kiwandani, mmoja wa hao hao, na anaimba. Akamfuata.

"Tunga ubeti wako, dadangu. Sema yaliyokupata."

Nekoye aliutunga akifuma, hakumwonyesha mtu. Siku ya kurekodi, wanaume wazima walifuta macho studioni:

*Blanketi nashukuru, nitalitandika wapi?*
*Nyumba yangu ni majivu, mwenye kiberiti yupi?*
*Jina lake mwalijua, ya kunyamaza ni yapi?*

Hakutaka kingine katika kaseti ile. Alitaka swali lake lisikike, basi.

Siku mbili kabla ya uzinduzi, Wanyoike alimngoja kwenye geti la kiwanda, akizungusha funguo kidoleni.

"Mama, ule ubeti tumeupunguza kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Wote. Nimeweka gitaa hapo. Elewa, mgeni rasmi ni mkubwa wa serikali. Tukimuudhi, blanketi hazifiki."

"Kwa hiyo nilifukuzwa Endebess, na sasa mmenifukuza kwa kaseti ya waliofukuzwa."

"Aai, usiseme hivyo! Jumamosi utasimama mbele kabisa. Watu wanataka kukuona."

"Kuniona. Kama ng'ombe wa maonyesho."

Hata hivyo alienda. Ukumbi wa Ruiru ulijaa mchana ule. Maiki nane zilipambwa jukwaani kama bibi harusi, na hakuna hata moja iliyounganishwa na umeme: kaseti ingechezwa, waimbaji wangefungua midomo tu. Mgeni rasmi aliketi mbele, tumbo likitangulia kuketi. Safu ya tatu alikaa Firdaus na wanawake kumi na wawili wa zamu yao.

Wimbo ukaanza. Tupendane. Tusameheane. Tupendane tena. Nani alikuwa amechukiana na nani, haikusemwa. Halafu gitaa la Wanyoike likaanza kulia pale pale palipokuwa ubeti.

Nekoye, pale jukwaani mbele ya maiki yake, akamtafuta Firdaus kwa macho, akafungua mdomo. Bila sauti. Polepole, kwa upana, kama anayemwambia mtu habari mitambo sita mbali.

Firdaus akainuka. "Blanketi nashukuru," akaimba, na sauti yake jamani ni ya mbuzi, "nitalitandika wapi?"

Mstari wa pili, wenzake kumi na wawili wakawa wamesimama, wote macho kwenye mdomo wa Nekoye. Wa tatu ulipoisha, mgeni rasmi alikuwa ameacha kutikisa kichwa kufuata muziki.

"Zima maiki ya huyo mama!" msaidizi wake akafoka.

Kitheka, fundi wa vyombo, akainua ncha ya waya juu. "Mkubwa, hizi hazijawashwa tangu asubuhi."

Kaseti iliuzwa hivyo hivyo, na gitaa lake. Mkubwa alipigwa picha gazetini akikabidhi mablanketi. Shamba la Endebess linalimwa na mtu mwingine, na aliyewasha kiberiti hajaulizwa hata saa ngapi. Nekoye naye aliletewa blanketi moja kiwandani, la kijivu, na barua ya kumshukuru kwa ushirikiano. Akalichana vipande, akaanza kufutia mafuta ya mtambo.

Kutoka upande wa pili Firdaus akamuuliza kwa mdomo: wewe, na baridi hii ya Julai, si ungejifunika?

Nekoye akainua kichwa. "Nitalitandika wapi?" midomo yake ikajibu, na msimamizi akapita katikati yao bila kusikia kitu.