Taa Mbele ya Picha ya Mama

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo naacha ninachokifanya. Hujazaliwa, najua. Mimi mwenyewe bado navaa sare ya shule, na huyu anayekuandikia hajawahi hata kushikwa mkono na mvulana, kwa hiyo usinicheke kwamba nimejifanya mzee kabla ya wakati. Naandika sasa kwa sababu nikisubiri niwe mtu mzima nitaisimulia kwa utulivu, na siku ile haikuwa na utulivu wowote.

Ilikuwa mwaka wa pili wa korona. Sydney imefungwa, na sisi wa magharibi tumebanwa kuliko wenzetu wa ufukweni. Tulikuwa tunaishi Merrylands, mimi na bibi yako, yaani mama yangu. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, korona ikaingia humo, na yeye akawa wa kwanza kuchukuliwa na ambulensi. Mimi nilipimwa, nikakutwa sina kitu. Hatukuwa na ndugu hata mmoja mji huu. Rafiki wa mama wa kazini akawapigia simu watu wa hospitali, akasema, "Leteni mtoto kwangu."

Huyo rafiki ni Anti Pema, mtu wa Bhutan, nchi ya Wabuddha kule milimani Asia. Alikuwa anakaa Minto, mtaa mwingine wa Sydney, na mama yake mzazi, ambaye wote tulimwita Angay, ndiyo bibi kwa lugha yao. Angay alikuja kumtembelea binti yake kwa muda mfupi tu, mipaka ikafungwa, akabaki. Basi akaamua kama hawezi kurudi kijijini kwake, kijiji kije Minto. Pilipili nyekundu zilianikwa juu ya paa la banda la nyuma, majirani wanachungulia. Chakula tulikula tumekaa chini, sufuria katikati. Na pilipili pale, mwanangu, si kiungo. Ndiyo mboga yenyewe. Wanazipika na jibini, wanakula na wali mwekundu kama sisi tunavyokula mchicha.

Mimi unanijua, au utanijua: nina aibu ya kupitiliza. Kila nilichopewa nilisema, "Hapana, asante." Kumbe kwao mgeni mwenye adabu hukataa kwanza, halafu mwenyeji anasukuma. Nikikataa, Angay anatabasamu na kuniongezea. Nikiziba sahani kwa kiganja, ndiyo kwanza anafurahi, anatafuta upenyo wa kumwaga kijiko kingine.

"Anasema umelelewa," Anti Pema akanitafsiria huku anacheka. "Anasema hata wajukuu wake hawajui kukataa vizuri hivyo."

Machozi yananitoka kwa pilipili, wao wanadhani nimemkumbuka mama. Ambayo pia ilikuwa kweli.

Kulala wakanipa chumba cha mbele. Nilipofungua mlango nilisimama pale pale. Ukuta mmoja wote ni kabati la rangi nyekundu na dhahabu, ndani yake sanamu zimekaa zinanitazama, mbele yake vibakuli vya maji vimepangwa mstari, na harufu ya ubani. Mimi mtoto wa Kilutheri, wa sande skuli kabisa! Nikajiambia hawa watu wamekosa pa kuniweka, wamenisukumia humu kama begi. Nikatandika, miguu ikaelekea kwenye kabati. Angay akaingia, akaligeuza godoro, kichwa kikawa upande ule. Sikuuliza kwa nini. Kila asubuhi alikuja kujaza vile vibakuli, na jioni kuvimwaga na kuvifuta kimoja kimoja. Sikuuliza. Nilijifanya nimelala, au nasoma.

Kisha jioni moja hospitali wakapiga. Mama amehamishiwa kwa wagonjwa mahututi. Yupo kwenye mashine ya oksijeni, na ikishindwa watamlaza kwa dawa na kumpitishia bomba kooni. Wakasema watapiga tena asubuhi. Anti Pema alinishika bega. Nikasema niko sawa.

Hapa nikueleze kitu, la sivyo hutanielewa. Miezi ile simu ya mama ilikuwa imegeuka makaburi. Leo mtu wa Moshi, kesho wa Dodoma, keshokutwa mwalimu wake wa zamani. Hakuna aliyeandika maneno marefu. Wanaweka picha ya mtu kwenye grupu, na mshumaa pembeni, imeisha hiyo. Mimi macho yangu yalishazoea: picha na mwali wa moto, huyo hayupo tena.

Asubuhi nilienda kuoga. Nilipotoka, kupitia dirisha la ukumbini, nilimwona Anti Pema uani, simu sikioni, anajifuta uso kwa mkono wa sweta. Nikaingia chumbani. Mbele ya lile kabati, katikati ya vibakuli, palikuwa na picha ya mama. Ile waliyopiga kazini na Anti Pema siku ya sherehe, ambayo siku zote ilikuwa kwenye mlango wa friji yao. Na mbele ya picha, taa ndogo za siagi na utambi, zinawaka.

Sikulia. Watu wanadhani mtu analia. Nilihisi kama ngazi imetolewa chini ya mguu. Nikapiga magoti, nikazipuliza zile taa, moja, nyingine, zote, fuu, fuu, kama mtoto kwenye keki. Nilikuwa najiambia zikizimika mama atakuwa bado hajafa.

Nyuma yangu ukapigwa ukelele. Angay alikuwa mlangoni na jagi la maji. Likamponyoka, maji yakatapakaa kwenye zulia. Ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, anatikisa kichwa, anasema maneno nisiyoyajua, ananitazama kama nimemchoma mtu kisu.

"Mbona hamkuniambia?" nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa watu wasiojua Kiswahili. "Mbona hamkuniambia?"

Anti Pema akaja mbio, akateleza kwenye maji, akashika mlango. "Upendo! Kuna nini?"

"Mama amekufa," nikamwambia kwa Kiingereza. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema.

"Nani kakuambia?"

Nikaonyesha zile taa.

Akapiga magoti kwenye maji, akanikamata uso. "Hajafa! Unanisikia? Nilikuwa naongea na nesi sasa hivi. Usiku umepita, hawakumwekea bomba. Nilikuwa nalia kwa furaha, mjinga wewe! Taa ni za kumwombea uhai. Angay ameamka alfajiri kuziandaa, akaziwasha ulipokwenda kuoga."

Fikiria, mwanangu. Mimi niliona nimezima kifo cha mama. Bibi wa watu aliona, kwa macho yake, binti anapuliza uhai wa mama yake mzazi. Tena kwa pumzi ya mdomo, ambayo kwao mbele ya madhabahu, ndilo lile kabati, ni uchafu, taa wanaizima kwa kuipepea. Tulikuwa watu wawili tumekaukiwa damu kwa ajili ya mwanamke mmoja, na hakuna aliyejua mwenzake anaogopa nini.

Anti Pema alipomweleza, Angay alikaa chini pale pale. Kisha akaanza kusema polepole, Anti Pema akitafsiri, na kwa kweli sijawahi kugombezwa vile.

"Tangu uje unasema asante, asante. Nikadhani ni adabu. Hujaniuliza hata kitu kimoja. Umelala humu, hujauliza kwa nini humu. Maji ya nini, hujauliza. Nimegeuza godoro lako, hujauliza. Leo umemzika mama yako peke yako, toka bafuni mpaka hapa, na mimi nipo jikoni! Huko si kuwa mpole. Huko ni kutufungia mlango."

Nikauliza basi, kwa sauti ya kunong'ona, kwa nini humu.

"Kwetu mgeni analala kwenye chumba cha madhabahu," Anti Pema akasema. "Ndicho chumba bora cha nyumba. Maji yale ni sadaka, na miguu haielekezwi kwenye madhabahu. Ni cha Angay mwenyewe. Tangu uje analala kwenye kochi."

Aibu ya pili ilinipata kubwa kuliko ya kwanza. Mwanamke wa umri ule, kwenye kochi, na mimi nilidhani nimetupwa.

Angay akanipa maji nisukutue mdomo. Akanipa kiberiti. Nikasitasita, nikasema mimi ni Mkristo.

"Kwani nimekwambia umwombe nani?" akajibu. "Washa."

Nikawasha. Nikasema Baba Yetu kwa Kiswahili, yeye akanong'ona sala zake pembeni, na maji ya zulia yakitulowesha magoti sote.

Mchana nesi alitushikia simu tukamwona mama. Barakoa imemfunika, sauti kama inatoka kisimani.

"Hujambo, mwanangu. Umekula? Huwasumbui watu?"

Siku zote ningejibu nimekula, siwasumbui, pole mama, basi. Nikamwuliza, "Mama, unaogopa?"

Akausogeza uso karibu na simu.

"Naogopa," akasema. "Nilikuwa nasubiri mtu aniulize."

Tukalia wote wawili, nesi naye akageuza uso. Mama alipona, taratibu, ingawa mpaka leo akipanda ngazi anasimama katikati.

Kwa hiyo mwanangu, ukipokewa kwa watu, uliza. Uliza unalala wapi na kwa nini, uliza taa ni ya nini, hata sauti ikikutetemeka. Ukinyamaza, kichwa chako kitajaza majibu yenyewe, na kichwa chenye hofu hujaza misiba. Na unayempenda akiumwa, usimwulize chakula tu. Mungu akujalie ulimi usioona haya kuuliza, akupe wenyeji watakaokugombeza kwa mapenzi, na mimi aniache niwepo siku nyingi za kukujibu. Amina.